Chanjo ya homa ya ini B: mbona waliojua zaidi ndio waliochelewa?

Ukifuatilia majarida ya tiba ya ukanda wetu utakutana mara kwa mara na utafiti wa aina moja: ujuzi, mtazamo na vitendo vya wahudumu wa afya kuhusu chanjo ya homa ya ini B. Mtafiti anagawa dodoso hospitalini. Anauliza ugonjwa unaambukizwaje, chanjo unaionaje, na je, umemaliza dozi zako tatu? Mara nyingi majibu yanakuja hivi: wengi wanajua, wengi wanaikubali chanjo, ila waliomaliza dozi ni wachache. Ripoti inafungwa kwa ushauri kwamba elimu iongezwe.

Sasa swali la kawaida kabisa: kama mtu anajua tayari, hiyo elimu ya ziada inaenda kufanya nini? Swali hili lina historia, na historia yenyewe ina jibu. Twende nayo taratibu.

Ugonjwa uliopita kwenye sindano

Mwaka 1883, huko Bremen, Ujerumani, wafanyakazi 1,289 wa kiwanda cha meli walichanjwa dhidi ya ndui. Siku hizo chanjo ya ndui iliweza kutengenezwa kwa majimaji yaliyotolewa kwenye vidonda vya watu wengine waliochanjwa. Wiki na miezi ikapita, wafanyakazi 191 wakageuka manjano macho na ngozi. Wenzao waliochanjwa kwa majimaji kutoka chanzo kingine hawakupata kitu. Daktari aliyeandika habari hiyo mwaka 1885, Lürman, hakuwa na njia ya kukiona kirusi, lakini alishaona kwamba tatizo lilikuwa ndani ya yale majimaji.

Mwaka 1942 mambo yakajirudia kwa ukubwa zaidi. Jeshi la Marekani liliwachanja askari wake dhidi ya homa ya manjano, na chanjo yenyewe ilikuwa imechanganywa na seramu ya damu ya binadamu. Askari wapatao 50,000 waliugua ini kiasi cha kulazwa. Utafiti uliofanywa miongo minne baadaye ulikadiria kuwa walioambukizwa, pamoja na wale ambao hawakuonyesha dalili, walifika 330,000.

Kirusi chenyewe kilianza kujulikana kwa bahati. Mwaka 1963 Baruch Blumberg, aliyekuwa akichunguza tofauti za damu za watu wa mataifa mbalimbali, alikuta protini ya ajabu kwenye damu ya mtu wa jamii ya wenyeji wa asili wa Australia. Akaiita antijeni ya Australia. Mwaka 1967 fundi mmoja wa maabara yake alijisikia vibaya, akapima damu yake mwenyewe na kuikuta antijeni ileile. Akapata manjano. Yaani mmoja wa watu wa kwanza kutambuliwa kwa kipimo hicho alikuwa mfanyakazi wa maabara. Blumberg alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1976, na siku yake ya kuzaliwa, tarehe 28 Julai, ndiyo leo Siku ya Homa ya Ini Duniani.

Waliokuwa wanaumia ni kina nani?

Homa ya ini B ilikuwa ugonjwa wa kazini kwa watu wanaoshika damu. Mwaka 1969 na 1970 ulizuka kwenye kitengo cha kusafisha damu kwa mashine cha hospitali ya Edinburgh, Uskoti. Watu 11 walikufa, na miongoni mwao walikuwemo wahudumu.

Kwa nini kirusi hiki ni hatari hivyo? Kwanza, kinaweza kukaa hai kwenye damu iliyokauka mezani kwa siku 7 au zaidi. Pili, kinaambukiza kwa urahisi mno. Mhudumu ambaye hajachanjwa akichomwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa, uwezekano wa kuambukizwa ni kati ya 6 na 30 kwa kila 100, kutegemea wingi wa virusi kwa mgonjwa huyo. Linganisha na VVU: ni kama 3 kwa kila 1,000. Bado wengi wetu tukisikia "nimechomwa na sindano", akili inakimbilia VVU peke yake.

Chanjo inafika, hofu nayo inafika

Chanjo ya kwanza ilitengenezwa kwa njia ya kushangaza. Maurice Hilleman na wenzake katika kampuni ya Merck walichukua plazima ya watu wenye maambukizi sugu, wakachuja protini ya ganda la kirusi, kisha wakaipitisha kwenye hatua tatu za kuua kila kilicho hai: kimeng'enya cha pepsini, urea na formalini. Wolf Szmuness akaijaribu New York kwa wanaume 1,083 wanaofanya mapenzi na wanaume wenzao, kundi lililokuwa na maambukizi mengi. Matokeo ya mwaka 1980 yalionyesha kinga ya zaidi ya asilimia 90. Novemba 1981 ikaruhusiwa Marekani, na mwaka 1982 wahudumu wa afya wakawekwa kwenye orodha ya watu wanaotakiwa kuipata.

Tazama tarehe hizo vizuri. Juni 1981, miezi mitano tu kabla, ziliripotiwa kesi za kwanza za ugonjwa ambao baadaye uliitwa UKIMWI. Waliokuwa wakiugua walikuwa wanaume wa kundi lilelile lililotoa sehemu ya plazima ya chanjo. Chanzo cha UKIMWI hakikuwa kimejulikana bado. Wauguzi na madaktari wakajiuliza: mnataka kunichoma kitu kilichotoka kwenye damu hiyo?

Hofu hiyo haikuwa ujinga. Kwa ushahidi uliokuwepo mwaka 1982, lilikuwa swali halali. Waliouliza ni watu waliosoma, waliojua plazima ni nini na imetoka wapi. Ujuzi wao ndio uliowapa wasiwasi. Baadaye ilithibitishwa kuwa zile hatua tatu zinaua VVU, na ufuatiliaji wa waliochanjwa haukukuta uhusiano wowote na UKIMWI. Lakini neno likishatoka mdomoni halirudi.

Hamira peke yake haikutosha

Mwaka 1986 wanasayansi wakaondoa sababu ya hofu kabisa. Jeni inayotengeneza protini ya ganda la kirusi iliingizwa kwenye hamira, ndugu wa ile ya kuumulia mkate, na hamira ikaanza kuizalisha. Ndiyo ikawa chanjo ya kwanza ya binadamu kutengenezwa kwa teknolojia ya kuhamisha jeni. Hakuna damu ya mtu, hakuna plazima.

Ungetegemea foleni ndefu, sivyo? Haikuwa hivyo. Kulibaki kikwazo cha bei, kwani dozi tatu ziligharimu zaidi ya dola 100. Kulikuwa pia na ile hali ya "mimi naangalia, sitachomwa". Na dozi tatu ndani ya miezi sita ni safari: ya kwanza unaenda, ya pili unabadilishiwa zamu, ya tatu umesahau.

Kilichogeuza mambo ni sheria. Mwaka 1986 vyama vya wafanyakazi, vikiwemo vya wauguzi na wafanya usafi wa hospitali, viliiomba serikali iweke kanuni. Desemba 1991 kanuni ikatoka: mwajiri lazima ampe chanjo bure kila mfanyakazi anayekutana na damu, ndani ya siku 10 za kazi tangu apangiwe kazi hiyo. Asiyetaka halazimishwi, ila anatia saini fomu kuwa amekataa, na akibadili mawazo anapewa, bure vilevile.

Inaonekana ni karatasi tu, kumbe ilihamisha mzigo. Kabla ya hapo mhudumu ndiye alipaswa kuitafuta chanjo. Sasa chanjo ilipaswa kumtafuta mhudumu. Makadirio ya maambukizi ya wahudumu wa afya Marekani yalishuka kutoka 17,000 mwaka 1983 hadi 400 mwaka 1995. Glavu na tahadhari nyingine zilichangia pia, lakini katikati ya miaka hiyo ya 90 tayari kama theluthi mbili ya wahudumu walengwa walikuwa wamechanjwa.

Na huku kwetu?

Kenya iliingiza chanjo hii kwenye ratiba ya watoto wachanga mwaka 2001, Tanzania mwaka 2002. Aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata kliniki. Hao ndio wengi wa wauguzi, madaktari, mafundi wa maabara na wafanya usafi waliopo wodini leo. Utafiti wa hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta takriban wahudumu 7 kwa kila 100 wana maambukizi sugu.

Kwa hiyo tunapoandaa dodoso lijalo, na wengi wetu tutaliandaa maana ni mada inayopendwa kwa tasnifu, tuongeze maswali machache. Nani alilipia dozi yako? Uliitwa uchanjwe au uliitafuta mwenyewe? Kuna mtu mwenye orodha ya waliokosa dozi ya tatu? Mfanya usafi anayebeba taka zenye sindano, yumo kwenye orodha hiyo? Na anayekutwa tayari ana kirusi, anapelekwa kwenye matibabu kwa siri au anaogopa kupoteza kazi? Huyo ataukwepa upimaji hata kama anajua kila kitu.

Na wewe mwanafunzi unayeanza mafunzo kwa vitendo: uliza kuhusu chanjo kabla ya kuingia wodini. Ukichomwa na sindano, osha kwa maji na sabuni, toa taarifa saa hiyohiyo, na usiulizie VVU peke yake. Chanjo inayoanzwa ndani ya saa 24 bado inaweza kukukinga.