Kiti cha Kaskazini

Mwai Kibaki na Raila Odinga walipotangaza baraza la mawaziri la serikali ya muungano, ile ya nusu mkate, Aprili 2008, kazi ya kwanza ya Wakenya ilikuwa kuhesabu viti. Vilikuwa 40. Ndani ya orodha hiyo ndefu palikuwa na wizara mpya yenye jina la kukata pumzi: Wizara ya Nchi ya Ustawishaji wa Kaskazini mwa Kenya na Maeneo Mengine Kame. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba imebuniwa tu ili kila upande ushibe. Kwangu mimi, hakuna kiti kingine kati ya hivyo 40 kilichokuwa na deni la kihistoria kubwa kama hicho.

Deni lenyewe lilianza na Waingereza. Eneo waliloliita Northern Frontier District, NFD kwa ufupi, walilitawala kama ua wa nyuma wa koloni: lilinde mpaka wa Ethiopia na Somalia, lisiwasumbue walowezi wa nyanda za juu, na lisile pesa nyingi. Sheria ya mwaka 1902 iliwapa maofisa uwezo wa kulifunga, hata asiingie mtu bila kibali. Nyingine ya 1934 ikawapa mamlaka makubwa zaidi juu ya wenyeji: nani ahame, alishe wapi, akamatwe lini. Makao yalikuwa Isiolo, na ofisa aliyekaa pale, kama Gerald Reece wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alikuwa waziri, hakimu na mlinzi wa lango kwa wakati mmoja. Njia ya kwenda kaskazini ilikatwa na kizuizi, na zaidi ya hapo shule na hospitali zilihesabika kwa vidole.

Uhuru haukuling'oa lango. Tume iliyozunguka NFD mwaka 1962 iliona kwamba wengi, hasa Wasomali, walitaka kuungana na Somalia. London ikaamua vinginevyo. Tarehe 28 Desemba 1963, majuma mawili tu baada ya bendera kupandishwa, Kenya ilitangaza hali ya hatari kaskazini. Vita vya kujitenga, vilivyoitwa vya Shifta, vikaendelea hadi makubaliano ya Arusha ya 1967, lakini sheria za dharura ziliachwa palepale mpaka 1991. Ni chini ya sheria hizo ambapo Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, wakawekwa juani bila maji na wengi wakauawa. Wakati huo baraza lilikuwa na waziri Msomali, Hussein Maalim Mohamed, aliyeteuliwa 1983. Kuwa na mtu mezani na kuwa na wizara ni mambo mawili.

Upande wa fedha, hukumu ilikuwa imeandikwa mapema. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, ule uliohubiri ujamaa wa Kiafrika, ulisema fedha za maendeleo ziende mahali zitakapozaa haraka: penye ardhi nzuri, mvua, barabara, umeme na watu walio tayari kupokea maendeleo. Mfugaji wa Mandera hakuwa na hata kimoja cha hivyo vinne vya kwanza, na cha tano hakuna aliyemuuliza. Ndiyo maana mzee wa Moyale akipanda lori kwenda Nairobi alisema anakwenda Kenya.

Rais Moi alijaribu 1989, akaunda wizara ya kurejesha na kuendeleza maeneo kame, nusu kame na ardhi zisizo na faida. Maneno hayo ya mwisho yalikuwa ndani ya jina rasmi. Sina la kuongeza.

Elmi, mbunge wa Wajir Mashariki aliyepewa kiti cha 2008, alitoka kwenye kazi za amani na maendeleo Wajir. Shida yake ilikuwa ya kiserikali kabisa: barabara zilikuwa za Wizara ya Barabara, visima vya Wizara ya Maji, shule za Elimu, ng'ombe wa Mifugo. Yeye alibaki na kushawishi. Ukame wa 2011 ulipowamaliza mifugo, wananchi walichanga simu kwa simu katika kampeni ya Kenyans for Kenya, na kila mtu akauliza tena kwa nini nchi hushangazwa na jambo linalojirudia.

Hapo ndipo wizara iliacha alama. Novemba 2011 iliundwa Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, na mwaka 2016 ikapata sheria yake. Kazi yake ni ya kuchosha, na ndiyo uzuri wake. Kila mwezi, katika kaunti 23, watu wa nyanjani huenda kwenye boma zilezile na kuuliza yaleyale: maziwa leo ni kiasi gani, maji yako umbali gani, mbuzi mmoja ananunua kilo ngapi za mahindi. Mkono wa mtoto hupimwa kwa utepe. Picha za setelaiti huonyesha hali ya malisho. Yote hukusanywa katika taarifa inayosema kaunti iko kawaida, katika tahadhari au katika dharura. Mpango wa fedha kwa kaya maskini za kaunti kama Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera hutumia vipimo vya namna hiyo kuongeza malipo kabla mifugo haijaanza kufa.

Mwaka 2012 wizara ikatoa sera yake, Waraka Nambari 8, ambao kwa kweli ni jibu kwa ule wa 1965: kwamba kaskazini ni mali iliyofungiwa. Mwaka uliofuata wizara ikavunjwa. Ugatuzi ulikuwa umeingia, kaunti zilikuwa na magavana, na Katiba ya 2010 ilikuwa imetenga nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa, kwa miaka 20, kwa maeneo yaliyoachwa nyuma. Wengi walidhani kiti hakihitajiki tena. Lakini fedha hizo za usawazishaji zilikwama kwenye mabishano kwa miaka.

Tangu hapo maeneo kame yamekuwa mgeni wa wizara za watu. Mwaka 2018 yaliwekwa pamoja na ugatuzi. Mwaka 2022 yalihamia kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki na maendeleo ya kanda, na mwaka 2024 kiti hicho kikashikwa na Beatrice Askul Moe, mzaliwa wa Turkana. Lami ya Isiolo hadi Moyale, takriban kilomita 500, imekamilika, na kizuizi cha zamani sasa ni historia tu. Waziri mmoja anagawa wiki yake kati ya mikutano ya jumuiya Arusha na taarifa za ukame kutoka Lodwar na Mandera.