Kibarua na Ulimi: Kutoka Kambi za Mkonge za Ngerengere

Neno kibarua lina asili iliyo wazi kwa kila atakayelitazama vizuri: ni barua ndogo. Katika miji ya pwani na visiwani, karne ya kumi na tisa, mtumwa aliyekodishwa na bwana wake kwa kazi ya kutwa alipewa kikaratasi, na kwa kikaratasi hicho ujira ukadaiwa jioni. Kutoka kwenye karatasi neno likahamia kwenye kazi yenyewe, na kutoka kwenye kazi likahamia kwa mtu aifanyaye. Hata leo Waswahili wakitaka kueleza kwamba mtu amepoteza ajira husema kibarua chake kimeota nyasi. Zipo sababu nyingi za kibarua kuota nyasi. Makala haya yanahusu moja tu: maneno ambayo mfanyakazi ameyasema au kuyaandika kwa nafsi yake, nje ya saa za kazi, na mwajiri wake hakuyapenda.

Jambo hili siku hizi huzungumzwa kana kwamba limezaliwa pamoja na simu ya mkononi. Sivyo. Anayetaka kujua umri wake na ashuke Ngerengere, mashariki ya mji wa Morogoro, penye reli ya kati iliyoanza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907. Kandokando ya reli hiyo, kuanzia Ngerengere na Kidugallo hadi Kimamba, kulienea mashamba ya mkonge. Zao hilo lililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na inasemwa katika vitabu vyote kwamba katika miche 1,000 aliyoiagiza ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Katika miche hiyo michache kukatoka makambi ambayo baadaye yalijaza watu kutoka Kigoma, Songea, Tabora na hata nchi za Rwanda na Burundi, walioitwa manamba kwa sababu walijulikana kwa namba kabla ya kujulikana kwa majina.

Mwajiri wa mkonge alimiliki zaidi ya shamba na korona. Nyumba aliyolala manamba ilikuwa yake, na njia ya kwendea kisimani ilipita katika ardhi yake. Mnyapara aliyehesabu matita ya majani mchana ndiye aliyesikia kilichosemwa usiku penye moto. Kazi yenyewe ilipimwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Siku isiyotiwa alama katika kadi haikuwa siku. Na juu ya hayo palikuwa na sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923, ambayo ndani yake kutoroka kazini lilikuwa kosa la jinai, na kumtolea mwajiri lugha ya matusi vilevile. Msomaji auone uzito wa jambo hilo. Maneno makali baina ya watu wawili, ambayo kwa jirani na jirani yangekwisha kwa mzee wa mtaa kuwapatanisha, kwa manamba yaliweza kuishia mbele ya hakimu.

Katika hali kama hiyo swali la iwapo mfanyakazi aadhibiwe kwa aliyoyasema nje ya kazi halikuwa na maana, kwa kuwa nje ya kazi hakukuwako. Kufukuzwa kazi kulikuwa ni kufukuzwa nyumba, siku hiyohiyo, pamoja na mke, watoto na sufuria.

Ukitaka kuuona upande wa pili wa jambo hili, tazama milima ya Uluguru iliyo magharibi ya Ngerengere. Mwaka 1955 serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko katika miteremko yao. Kazi ilikuwa nzito, na mazao katika matuta mengi yakawa mabaya kuliko zamani. Mwezi wa Julai watu walikusanyika kwa maelfu huko Matombo wakaikataa kazi ile hadharani. Polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mpango wenyewe ukaachwa. Ushujaa huo ulikuwa na mahali pa kusimamia. Ardhi ya Mluguru ni ya ukoo, tena ukoo wa mama, na hakuna karani aliyeweza kumpa notisi ya kuhama. Manamba wa Ngerengere, mwendo usiofika siku mbili kwa miguu kutoka hapo, hakuwa na moyo mdogo kuliko Mluguru. Aliishi katika nyumba ya mtu mwingine, basi.

Watu wa visiwani wanaijua habari hii kwa namna yao. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1957 Unguja, wapo wakulima waliokuwa wakiishi na kulima mihogo chini ya mikarafuu ya watu, ambao waliambiwa waondoke kwa sababu ya chama walichokipigia kura. Hawakuwa wameiba nazi ya mtu wala kukataa kupalilia. Kosa lao lilikuwa rai. Majeraha ya siku zile hayakupona kwa miaka mingi, na baadhi ya wazee hawapendi kuyagusa hata leo.

Walakini mwajiri mkubwa kuliko wote katika Tanganyika ya wakati ule alikuwa serikali yenyewe, na hapo ndipo historia hii inapokuwa ya watu wenye kalamu. Makarani, walimu na waganga wasaidizi ndio waliokuwa nguzo ya chama cha African Association. Mwaka 1953 serikali ya Gavana Twining ikatoa waraka wa kuwazuia watumishi wake kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Hakukuwa na haja ya kumfunga mtu. Ilitosha kumkumbusha nani anamlipa mshahara. Rashidi Kawawa, kiongozi wa chama cha watumishi Waafrika wa serikali, alilazimika kuiacha kazi yake mwaka 1956 ili aweze kuingia TANU waziwazi. Julius Nyerere hakuwa mtumishi wa serikali bali mwalimu katika shule ya wamisionari wa Kikatoliki, Pugu. Lakini aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa mwezi wa Machi 1955, alikokwenda kusema kwa kinywa chake kuhusu nchi yake, aliwekwa njia panda baina ya ualimu na siasa. Akaandika barua ya kujiuzulu. Miaka mitatu baadaye alishitakiwa kwa maneno aliyoyaandika katika kijigazeti cha Sauti ya TANU, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Kufikia hapo hapakuwa na mwajiri wa kumtisha; ilibaki mahakama peke yake.

Hapa wafuatiliaji wa fasihi wakumbuke jambo moja. Shaaban Robert aliutumikia ukoloni kama karani tangu mwaka 1926, na sehemu kubwa ya kazi zake aliitunga akiwa ndani ya ajira hiyo. Wengi hushangaa kwa nini tawala mbovu katika hadithi zake zimewekwa katika nchi zisizo katika ramani yoyote. Pengine maelezo ya kisanaa yanatosha. Lakini si haramu kuwaza pia kwamba karani aliye na mshahara, familia na waraka mezani huchagua majina ya nchi kwa uangalifu. Washairi waliotumia lakabu katika magazeti ya enzi ile hawakufanya hivyo kwa mapambo tu.

Uhuru ulibadili mengi, na mengine ukayaacha. Mwaka 1963 Victor Mkello, aliyekuwa kiongozi wa umoja wa wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, alipelekwa Sumbawanga kwa amri ya serikali ambayo umoja wake ulisaidia kuileta. Mwaka 1964 ikapitishwa sheria ya usalama wa kazi, iliyomzuia mwajiri kumfukuza mtu papo kwa papo apendavyo, ikaweka orodha ya makosa na kamati za wafanyakazi. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, na asiyeikiri anadhulumu. Ila mwaka huohuo vyama huru vya wafanyakazi vilivunjwa na kuwekwa chama kimoja, NUTA, chini ya uangalizi wa serikali. Mkono mmoja ulimpa mfanyakazi ulinzi wa kibarua, mwingine ukamwondolea sauti ya pamoja.

Sheria inayotumika sasa Bara ni ile ya ajira na mahusiano kazini ya mwaka 2004. Zanzibar ina yake ya mwaka 2005. Ile ya Bara inamtaka mwajiri athibitishe kwamba ana sababu halali na kwamba amefuata utaratibu wa haki, na inayataja maoni ya kisiasa miongoni mwa mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo. Kanuni zake za mwaka 2007 zinauliza iwapo mfanyakazi amevunja kanuni ya mwenendo unaohusiana na ajira. Maneno hayo matatu ya mwisho ndiyo yabebayo mzigo wote. Muuguzi akisambaza picha ya mgonjwa wake, hilo linahusiana na ajira kwa asilimia mia, hata kama alitumia simu yake mwenyewe usiku wa manane. Karani wa benki akitangaza salio la mteja, vivyo hivyo. Lakini mtu yuleyule akisema mbunge wake ni mvivu, au akatunga utenzi wa kejeli, mwajiri anadai nini hapo? Hasara ipi, kwa shahidi gani? Jibu la kwamba jina la kampuni limechafuka ni jibu la mwenye kambi, anayeamini kuwa mtu mzima ni wake, pamoja na ulimi.

Makerere walilijaribu jibu hilo. Mwaka 2017 chuo kikuu hicho kilimsimamisha kazi Stella Nyanzi, mtafiti na mshairi, baada ya maandishi yake makali katika Facebook dhidi ya mke wa Rais, ambaye pia alikuwa Waziri wa Elimu. Lugha yake iliwakera wengi, na hakuna haja ya kuitetea lugha hiyo ili kuiona hoja. Baraza la rufaa la watumishi wa chuo hicho liliamua mwaka 2018 kwamba kusimamishwa kwake hakukufuata haki na arudishwe kazini. Kabla mwaka haujaisha, chuo kikasema mkataba wake umekwisha. Mwaka 2019 alihukumiwa kifungo cha miezi 18 kwa shairi aliloliweka katika ukurasa wake, na Februari 2020 Mahakama Kuu ikaifuta hukumu hiyo. Kifungo kiliweza kufutwa. Kazi haikurudi.

Mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa mwaka 1967, bei nayo ilianguka, na makambi mengi yakabaki kuta. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme husimama Ngerengere, na watu waliojenga reli hiyo walikuwa na simu mifukoni. Kibarua wa sasa aghalabu hukodi chumba chake mwenyewe, mbali na macho ya mnyapara. Lakini katika kikundi cha WhatsApp cha watu wa kazini, ambamo meneja naye ni mwanachama, maneno aliyoyaandika Jumapili akiwa kibarazani kwake yanasomwa Jumatatu asubuhi ofisini. Kama kikundi hicho ni kibaraza cha nyumba yake au ni ua wa mwajiri, sheria ya 2004 haikusema.