Mgeni Ndani ya Mfupa

Mwaka 1981, William Bonfield na wenzake wa Queen Mary College, London, walichapisha makala kuhusu plastiki iliyochanganywa na chembe za kauri ili ichukue nafasi ya mfupa uliopotea. Mimi ni msomaji wa vitabu, siyo mtu wa maabara, kwa hiyo nilianza kwa kutazama maneno yao. Kwenye kichwa cha makala walisema kitu hicho kinapatana na mfupa. Kupatana! Neno la majirani, la wanandoa. Ukisoma yaliyotangulia, unaelewa kwa nini walilihitaji.

Kabla yao, wazo la kawaida lilikuwa kwamba kinachochukua nafasi ya mfupa kiwe imara kuushinda. Chuma cha pua, basi. Wahandisi hupima ukakamavu wa kitu, yaani kinavyokataa kupinda, kwa gigapaskali. Chuma cha pua kina kama 200. Sehemu ngumu ya mfupa ina kati ya 7 na 30 hivi. Lakini mfupa ni kitu hai. Julius Wolff, daktari wa upasuaji wa Ujerumani, aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kufuatana na mzigo unaoubeba. Ukikosa kazi, unapungua. Sasa ukichomeka chuma ndani ya paja, chuma kinabeba mzigo na mfupa unakaa bure. Taratibu unakonda, na pengine pandikizi linalegea. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakutuambia tumfanyeje mgeni anayeshika majembe yote, mpaka mwenye shamba anadhoofu kwa kukaa.

Kuna na shida ya pili: mwili kumkataa mgeni. Mwishoni mwa miaka ya 1950, John Charnley, daktari bingwa wa mifupa huko Lancashire, Uingereza, aliwawekea wagonjwa wa nyonga vikombe vya Teflon. Ilikuwa laini, inateleza vizuri, na wagonjwa walitembea. Kumbe ilikuwa inasagika. Vumbi lake lilichokoza mwili, nyama ikavimba, mfupa ukalika, na watu wakarudi mezani kupasuliwa upya. Charnley alijipandikizia mwenyewe pajani chembechembe za Teflon na za poliethilini ili aone mwili wake utazipokeaje. Teflon ndiyo iliyoleta uvimbe zaidi. Tangu mwaka 1962 alitumia poliethilini, inayosagika kidogo sana. Fundisho lilibaki: mwili unaweza kukivumilia kipande kizima, usivumilie vumbi lake.

Bonfield na wenzake wakafanya jambo ambalo msomaji yeyote angelielewa. Waliusoma mfupa wenyewe. Mfupa ni mchanganyiko tangu mwanzo: madini yanayofanana na haidroksiapatiti, na nyuzi za kolajeni. Madini peke yake hupasuka kama kigae. Kolajeni peke yake hujipinda kama ngozi iliyolowa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wao wakachukua haidroksiapatiti ya maabara, na mahali pa kolajeni wakaweka poliethilini. Kitu hicho kikaja kuitwa HAPEX.

Ugumu ulikuwa kwenye kipimo. Ukizidisha kauri, kitu kinakakamaa na mfupa unakipenda zaidi, ila kinakuwa chepesi kuvunjika. Ukipunguza, unabaki na plastiki tu. Walitulia kwenye asilimia 40 ya ujazo. Ukakamavu wake ni kama gigapaskali 4, chini hata ya ule wa mfupa dhaifu kati ya ile migumu. Paja halibebi.

Basi kilikwenda wapi? Kilikwenda sikioni. Sikio la kati lina vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, na maradhi yakivila, sauti haivuki. Pale hakuna uzito wa mwili wa kubeba, kuna mtetemo wa kupitisha. Kijiti cha HAPEX daktari anaweza kukikata kwa kisu cha upasuaji hapohapo, kikamtosha mgonjwa aliye mbele yake. Kauri tupu ingempasukia mkononi. Kilitumika pia kutengeneza sakafu ya tundu la jicho, na mfupa uliota ukashikana nacho, maana chembe za kauri zilizo juu yake unazitambua.

Mtu anaweza kusema huko ni kushindwa: walitafuta mfupa, wakaishia na kijiti cha sikio. Mimi sikubali. Kwa maoni yangu walibadilisha swali. Badala ya kuuliza nini kina nguvu kuliko mfupa, waliuliza nini kinaweza kuishi nao, kila kimoja kikifanya sehemu yake ya kazi. Swali hilo halijamfikia kila mgonjwa. Anayebadilishiwa nyonga leo bado kwa kawaida anawekewa shina la chuma ndani ya paja, mara nyingi titani, yenye gigapaskali kama 110. Ni pungufu ya chuma cha pua, lakini mfupa ulio kando yake bado unanyang'anywa jembe.