Kipande, Kura na Uraia: Waha katika Madai ya Usawa wa Rangi

Buha, nchi ya Waha magharibi mwa Tanganyika, haikuwa nchi ya walowezi. Katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, Mzungu alikuwa Bwana DC, mmisionari au daktari, na Mhindi alikuwa mwenye duka. Kwa hiyo Muha wa miaka ya 1940 aliweza kuzeeka kijijini bila kuzuiwa mlangoni popote kwa sababu ya ngozi yake. Ubaguzi alikutana nao alipoondoka kwao, na wanaume wengi waliondoka.

Tanganyika ya Waingereza iliwapanga watu katika ngazi tatu: Wazungu juu, Waasia katikati, Waafrika chini. Shule zilitengwa hivyo, hospitali na mishahara pia. Ndani ya treni ya Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, daraja la tatu lilikuwa la Waafrika kwa mazoea na kwa mfuko. Humo ndimo walimosafiri vijana wa Buha waliokwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na nyumbani fedha ilikuwa haba. Malale nayo ilikuwa imekwisha kuwang'oa watu katika makazi yao, kwani miaka ya 1930 serikali iliwahamisha wengi na kuwakusanya katika vijiji vikubwa ili kuwatenga na mbung'o. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na Buha ikawa mojawapo ya sehemu ilizozitegemea zaidi kupata manamba, yaani vibarua wa mkataba.

Maisha ya manamba yaliandikwa kwenye kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Aliyekata na kufunga matita yote aliyopangiwa aliwekewa alama ya siku hiyo. Aliyepungukiwa, au ambaye mnyapara alikataa hesabu yake, siku yake ilipotea hata kama alitoka shambani jua likizama. Mshahara ulisubiri kadi ijae. Sheria ya mabwana na watumishi, iliyotungwa mwaka 1923, ilimfanya mfanyakazi aliyetoroka kabla ya mkataba kwisha kuwa mhalifu wa kufikishwa mahakamani. Ni vigumu kuona somo lolote la siasa lililomfundisha mtu maana ya ukoloni kwa ufupi kuliko kadi hiyo.

Njia za amani za kupinga hali hiyo zilianzia kazini kabla hazijafika kwenye majukwaa. Septemba 1947 wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, wa reli wakafuata, na mgomo ukapanda bara kando ya njia ya treni. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi viliungana katika Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, katibu wake mkuu akiwa Rashidi Kawawa. Chama cha siasa cha TANU kilikuwa kimezaliwa mwaka mmoja nyuma, tarehe 7 Julai 1954, kutokana na chama cha TAA kilichokuwapo tangu 1929.

Mara nyingi utulivu wa harakati hizi huelezwa kwa tabia ya watu au hekima ya kiongozi mmoja. Maelezo hayo yanasahau hadhi ya nchi yenyewe. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, uliotuma wajumbe wake kuikagua kila baada ya miaka mitatu, na mtu aliyeonewa aliweza kupeleka malalamiko New York. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika huko kuwasemea Wameru walioondolewa katika ardhi yao ili wapewe walowezi. Ardhi haikurudi mara moja, lakini njia ilijulikana. Machi 1955 Julius Nyerere, kiongozi wa TANU, aliipita njia hiyo hiyo na kulihutubia Baraza la Udhamini. Chama chenye mahali pa kusikilizwa hakikuwa na haja ya kwenda msituni, na serikali ambayo ingekigeuza kuwa cha kihalifu ingelazimika kujieleza mbele ya dunia. Hata hivyo ilijaribu: matawi yalinyimwa usajili, katika jimbo la Ziwa TANU ilipigwa marufuku kwa miaka kadhaa, na mwaka 1957 Nyerere alikatazwa kwa muda kuhutubia mikutano ya hadhara.

Huko Buha madai ya usawa yalikuwa na sura ya pili. Nchi iligawanyika katika himaya kadhaa, zikiwamo Heru upande wa Kasulu, na Muhambwe na Buyungu upande wa Kibondo, kila moja na mwami wake, yaani mtawala. Koo za watawala zilikuwa za Watutsi. Chini yao walikuwapo watwale, yaani machifu wadogo, na chini zaidi Waha wakulima, ambao wengi wao walifungwa na ubugabire: mtu alipokea ng'ombe kutoka kwa mkubwa, naye akabaki na deni la utii na kazi. Waingereza hawakuubuni mpango huu. Waliulipa mshahara. Mwami akawa mkusanya kodi wa serikali, jambo lililomweka pabaya mara siasa ilipoanza, hata pale alipokuwa na heshima ya watu kama Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyeitawala Heru.

Gavana Edward Twining alitaka mabaraza ya wilaya yachanganye rangi zote, akisema huo ndio usawa. Kwa wananchi, kuwapa viti Wazungu na Waasia wachache katika wilaya iliyojaa Waafrika kulikuwa kuhalalisha ngazi zile zile tatu kwa jina zuri. Upinzani mkubwa ulitokea Geita, kaskazini ya Buha. Mwaka 1958 maelfu walitembea hadi Mwanza bila silaha kulikataa baraza la namna hiyo, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi.

Mwaka huo huo, Januari, TANU ilikutana Tabora, makao makuu ya Jimbo la Magharibi ambalo Kasulu na Kibondo zilikuwa ndani yake. Ajenda ilikuwa kura tatu. Mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura yake iliharibika. Haki ya kupiga kura nayo ilikuwa na masharti: elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au kushika wadhifa uliotajwa. Pauni 150 zilikuwa shilingi 3,000, yaani 250 kwa mwezi, kiasi ambacho mkata mkonge hakukikaribia. Wajumbe wengi walitaka kususia. Nyerere aliwashawishi waingie, wawaunge mkono wagombea wa rangi zote tatu waliokubaliana na TANU, na wauvunje mpango kwa kuushinda. Zuberi Mtemvu, aliyeupinga uamuzi huo, alijitoa na kuanzisha chama chake. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na waliokuwa na baraka za TANU wakashinda viti vyote.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mgomo wa wafanyakazi wa reli wa mwaka 1960, chini ya kiongozi wa chama chao Kasanga Tumbo, ulidumu siku 82. Agosti mwaka huo TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Mtihani ulio mgumu kuliko yote, hata hivyo, ulikuja Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru wa tarehe 9 Desemba, nao ulitoka ndani. Baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika pekee. Nyerere alikataa kuupima uraia kwa rangi, akatamka kwamba serikali yake iko tayari kujiuzulu, na muswada wa uraia ukapita. Kuanzia 1962 shule za rangi mbalimbali zilianza kuunganishwa.

Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kisheria, na wami wa Buha wakawa raia kama wengine. Ng'ambo ya mpaka, mapinduzi ya Rwanda ya 1959 yalikuwa yamewasukuma maelfu ya Watutsi uhamishoni, baadhi yao Tanganyika. Buha, yenye mfumo unaofanana na wa Rwanda, ilivuka bila umwagaji damu kama wa huko. Hapa madaraka yalipita kwa chama cha nchi nzima ambacho hakikujengwa juu ya kuwapinga Watutsi. Muhambwe na Buyungu leo ni majina ya majimbo ya uchaguzi.

Suala lililobaki katika nyanda hizi linahusu asili. Sheria ya 1961 ilimpa uraia moja kwa moja aliyezaliwa Tanganyika ikiwa walau mzazi wake mmoja naye alizaliwa humo. Kwa Moshi au Lindi, kwa wenyeji wengi, hilo lilikuwa jambo jepesi. Buha imepakana na Burundi, Kiha na Kirundi vinasikilizana, na ndoa zilivuka mpaka kabla mpaka wenyewe haujachorwa. Tangu kambi za wakimbizi zilipofunguliwa kwa wingi Kibondo na Kasulu kuanzia 1993, Mtendeli, Nduta, Mtabila na Nyarugusu zikiwa miongoni mwake, Waha wamelalamika, hata bungeni, kwamba maofisa wa uhamiaji huwataka wathibitishe uraia wao kwa namna ambayo watu wa mikoa mingine hawatakiwi.