Rafiki wa Kampusi: Mambo 1990 na 1993 Zinatufundisha

Wandugu, wadogo zetu wanaoingia chuoni wananiuliza kila mwaka: rafiki muzuri wa masomo ni nani? Mimi ni mtoto wa Kolwezi, upande wa Kingamyambo, kwenye mabaki ya madini ya Gécamines. Jibu langu naliokota ndani ya historia yetu.

Mwaka 1961 wanafunzi wa Congo waliunda UGEC, umoja wao wa nchi nzima. Mwaka 1968 Mobutu akaufuta, akabakisha JMPR peke yake, vijana wa chama chake. Toka hapo, hata kwenye chumba kimoja mtu hakujua tena kama mwenzake anasikiliza kwa urafiki ao kwa kazi.

Aprili 24, 1990, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Nyuma kidogo, kwenye kampusi ya Lubumbashi, wanafunzi walikamata wenzao waliowashuku kuwa wapelelezi, wakawapiga. Usiku wa Mei 11 kuamkia 12, watu wenye silaha wakaingia, wakashambulia wanafunzi. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Ubelgiji ikasimamisha misaada mingi.

Kisha ikaja chuki ya kabila. Wakasai wakafukuzwa Katanga, na Machi 1993 ikafika hapa Kolwezi. Maelfu walilala kwenye gare wakingoja treni. Wengi walizaliwa huku huku, wazazi ao babu zao walikuja kufanyia Union Minière kazi. Batoto waliokaa banki moja darasani wakaachana pale kwenye reli.

Sasa mtaniambia: rafiki ni ule wa kugawana naye bukari na kuazimana naye nota. Ni kweli, lakini haitoshi. Hata wa 1990 na wa 1993 waligawana bukari.

Mimi napima na mambo tatu. Siri yako inabaki kwake hata kama kuna mwenye kulipa? Wakati batu wanatukana kabila lako na wewe hauko, anasema kitu ao ananyamaza? Na kama anakushuku, anakuja kukuuliza wewe mwenyewe kwanza, ao anaita kundi?

Wakati wa uchaguzi maneno ya 1993 yanaanza kurudi midomoni, hata kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Njo maana chagua rafiki kabla ya siku hiyo. Na wewe mwenyewe ujipime na yale maulizo tatu.