Barabara Zisizofika Popote

Wiki iliyopita tulimaliza siku tatu tukipaka chokaa mawe ya pembeni ya njia. Tukapiga picha, tukasaini karatasi ya mahudhurio. Kule bombani, ambako akina mama wanagombania foleni tangu saa kumi alfajiri, hakupangwa mtu hata mmoja. Ndipo tukakumbuka habari ya Ireland.

Mwaka 1845 ugonjwa uliingia kwenye viazi vya nchi hiyo, iliyokuwa chini ya Uingereza. Mwaka 1846 karibu mavuno yote ya viazi yakaoza, na maskini hawakuwa na chakula kingine. Serikali iliogopa kwamba chakula cha bure kitawafanya watu wavivu. (Hoja hiyo tunaijua, bado inatembea.) Basi ikaamuliwa kwamba anayetaka kula afanye kazi kwanza, na kazi yenyewe isimfaidishe mwenye shamba fulani. Kwa hiyo haikuwa kulima wala kupanda, ilikuwa kupasua mawe na kuchonga barabara.

Machi 1847 watu kama 700,000 walikuwa kwenye kazi hizo, wanawake na watoto wakiwemo, baada ya kupita baridi kali sana. Malipo yalichelewa, na hata yakifika hayakutosha maana bei ya chakula ilikuwa juu. Wapo waliodondoka wakafa palepale kazini. Barabara nyingine ziliishia porini tu, na mabaki yake yapo mpaka leo. Msimu wa kupanda ukafika, mbegu haba, na mikono iliyotakiwa shambani iko kwenye mawe. Lakini ukiangalia madaftari, watu wote walikuwa bize.

Mwisho serikali yenyewe ikaona. Kazi zikafungwa kidogo kidogo, yakafunguliwa majiko ya supu. Julai 1847 majiko hayo yalilisha karibu watu milioni 3 kwa siku, kwa gharama ndogo kuliko zile barabara. Supu ilikuwa nyepesi na foleni ndefu, hilo sisi hatuhitaji kuelezwa, ila vifo vilipungua. Kisha, kabla hata mwaka haujaisha, majiko yakafungwa na njaa bado ipo. Katika miaka ile walikufa watu karibu milioni 1, na wengine zaidi ya hao wakaikimbia nchi.

Jumatatu tuna kikao cha kupanga kazi. Tutaomba chokaa isubiri, watu wanne wapangwe bombani, na ile karatasi iandikwe madumu mangapi yamejaa, siyo vichwa vingapi vimefika.