Dhana ya 'Incog': Nani Hasa Amejificha?

Mwalimu mwenzangu wa Kisii na Nyamira, nawe mtahiniwa, 'incog' ni kifupisho cha 'incognito', neno la Kiitaliano lenye asili ya Kilatini na maana ya "asiyejulikana". Waingereza wa karne ya 18 walilitumia kwa mtu aliyeficha jina, cheo au sura yake. Kiswahili kina neno fupi linalokaribiana nalo: fiche, kutokana na kitenzi ficha.

Historia inatupa mfano wa Petro Mkuu wa Urusi. Mwaka 1697 na 1698 alizuru Uholanzi na Uingereza kwa jina la Pyotr Mikhailov ili ajifunze uundaji wa meli. Urefu wake ulimfichua, lakini nia ya kujificha ilikuwa yake mwenyewe. Nia hiyo ndiyo kiini cha dhana hii.

Usiichanganye na lakabu. G.A.S. Northcote, afisa Mwingereza wa Kisii aliyechomwa mkuki na Otenyo mwaka 1908, aliitwa Nyarigoti na Abagusii. Jina lilivishwa sauti za Ekegusii, lakini mwenye jina hakujificha. Otenyo alijua fika anayemlenga.

Sasa itazame tamthilia ya Nikolai Gogol, iliyoigizwa kwanza mwaka 1836, ambayo Christon Mwakasaka aliitafsiri kwa jina Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Meya anasikia kwamba mkaguzi yuaja kisirisiri. Mtahiniwa huenda akaandika kwamba Khlestakov alijifanya mkaguzi ili awalaghai wenyeji. Sivyo. Khlestakov ni karani aliyeishiwa pesa na kukwama katika nyumba ya wageni. Hofu ya wakubwa wa mji ndiyo inayomvisha cheo. Kosa lake ni kujigamba na kupokea mikopo, kisha kuendelea kufaidika hata baada ya kung'amua kwamba amedhaniwa mtu mwingine.

Wanaojificha hasa ni wenyeji. Meya anaagiza wagonjwa wavishwe kofia safi, na hakimu anaonywa kuhusu mabata bukini yanayozurura mahakamani. Uozo unafunikwa haraka ili mgeni asiuone.

Kwa hiyo, unapojibu swali kuhusu kujificha, jiulize: nani ameficha, ameficha nini, na kwa nia gani? Ukikosa kutofautisha aliyejificha na aliyedhaniwa, kinaya cha tamthilia nzima kitakupita.